Tiba ya homoni wakati wa ukomo wa hedhi: vidonge au vibandiko?

SWALI: Nina umri wa miaka 50 na huu ni mwezi wa saba sijaona hedhi. Joto la ghafla hunipanda kifuani na usoni mara nyingi kwa siku, na usiku huamka nimelowa jasho. Daktari amekubali kunianzishia tiba ya homoni, akaniambia nifikirie kama nataka vidonge au vibandiko vya ngozi. Rafiki yangu, ambaye alitolewa kizazi, anatumia estrojeni peke yake na ananihimiza nitumie hiyo hiyo kwa kuwa imemfaa sana. Mimi kizazi bado ninacho. Mama yangu mzazi aliwahi kupata bonge la damu mguuni, na mwenyewe naogopa saratani ya matiti. Nichague ipi?

JIBU: Dada yangu, pole kwa usumbufu huo, hasa wa kukosa usingizi. Umetaja mambo mawili yenye uzito mkubwa katika uamuzi huu, yaani kwamba bado una kizazi na kwamba mama yako aliganda damu mguuni. Tafadhali hakikisha daktari wako anayajua yote mawili kabla hajaandika dawa.

Nianze na ushauri wa rafiki yako. Estrojeni ndiyo inayotuliza joto na jasho, lakini pia huchochea ukuta wa ndani wa kizazi kukua, na ikitumiwa peke yake kwa muda mrefu ukuta huo huweza kunenepa kupita kiasi na hata kuota saratani. Kwa sababu hiyo mwanamke mwenye kizazi huongezewa homoni ya pili, projestojeni, ambayo kazi yake kubwa hapa ni kuulinda ukuta huo. Rafiki yako hana kizazi cha kulindwa, hivyo dawa yake inamfaa yeye na haikufai wewe, hata kama dalili zenu zinafanana kabisa.

Kwa kuwa hujatimiza miezi 12 bila hedhi, ovari zako huenda bado zinafanya kazi kwa vipindi. Katika hali hiyo kwa kawaida estrojeni hutumiwa kila siku, na projestojeni huongezwa kwa siku 12 hadi 14 za kila mwezi, kisha damu hutoka kama hedhi. Ukitumia homoni zote mbili kila siku mapema hivi, unaweza kusumbuliwa na damu isiyo na mpangilio. Utaratibu huo huwafaa zaidi waliokwisha kupita mwaka mzima bila hedhi. Njia nyingine ni kitanzi chenye homoni ya levonojestreli, ambacho hulinda ukuta wa kizazi na papo hapo huzuia mimba. Jambo hili la mimba wengi hulisahau: tiba ya homoni peke yake si uzazi wa mpango, na kwa umri wako mimba bado inawezekana hadi utimize mwaka mmoja tangu hedhi ya mwisho.

Sasa kuhusu vidonge na vibandiko. Estrojeni inayomezwa hutoka tumboni na kupita kwanza kwenye ini, ambako hutengenezwa viini vinavyogandisha damu, na huko hulichochea ini kuvitengeneza kwa wingi zaidi. Ndiyo maana vidonge huongeza uwezekano wa damu kuganda miguuni au mapafuni. Estrojeni ya kibandiko au ya jeli hupenya ngozi na kuingia moja kwa moja kwenye damu, na kwa dozi za kawaida tafiti hazijaonyesha ongezeko hilo. Kwa historia ya mama yako, mimi ningechagua njia ya ngozi bila kusita. Kibandiko hubandikwa chini ya kiuno, kamwe si kwenye titi, na hubadilishwa mara moja au mbili kwa wiki kutegemea aina yake. Ukipendelea jeli, iache ikauke kabla ya kuvaa nguo, na usiache mtoto aguse sehemu uliyopaka. Projestojeni unaweza kuimeza. Ile inayoitwa projesteroni asilia humezwa wakati wa kulala kwa sababu huleta usingizi, jambo ambalo kwako huenda likawa nafuu.

Hofu yako ya saratani ina msingi, lakini ipimwe kwa kiasi chake. Mwaka 2002 utafiti mkubwa wa Marekani ulisimamisha sehemu iliyohusu vidonge vya homoni mbili, baada ya kuonekana wagonjwa wa saratani ya matiti 8 zaidi kwa kila wanawake 10,000 kwa mwaka. Wastani wa umri wa washiriki ulikuwa miaka 63, na wengi walikuwa wamepita ukomo wa hedhi zamani. Hatari hiyo huongezeka kadiri miaka ya matumizi inavyoongezeka, na kibandiko hakiiondoi. Kwa mwanamke mwenye afya aliye chini ya miaka 60 na mwenye dalili kali kama zako, kwa kawaida faida huzidi madhara. Aliyewahi kuugua saratani ya matiti, mwenye ugonjwa mkali wa ini au anayetokwa na damu ukeni bila sababu kujulikana hapaswi kuanzishiwa tiba hii kabla ya kuonana na bingwa.

Rudi kwa daktari baada ya miezi mitatu hivi. Damu ya matone katika miezi ya mwanzo si ajabu, lakini ikiendelea kupita miezi sita, ichunguzwe.

SWALI: Mimi nina miaka 58 na sina joto wala jasho. Shida yangu ni ukavu ukeni, maumivu katika tendo la ndoa na maambukizi ya mkojo yanayojirudia. Je, nami nahitaji vibandiko?

JIBU: Hapana, mama. Kwako inatosha estrojeni ya kiasi kidogo inayowekwa ukeni, iwe krimu au kidonge cha kuingiza. Kwa kawaida hutumiwa kila siku kwa wiki mbili za kwanza, kisha mara mbili kwa wiki. Kwa kuwa kinachofika kwenye damu ni kidogo mno, huhitaji projestojeni hata kama una kizazi. Nafuu huja polepole, na dalili hurudi ukiiacha, kwa hiyo wengi huendelea nayo kwa miaka.