Mkono wa Kushoto Ndio Unaolia

Mama tulimzika Mvumi mwezi wa saba, msimu ambao upepo wa Dodoma hauna usiku wala mchana na vumbi linapenya hata mlango uliofungwa. Niliporudi Nkuhungu kinanda kilinishinda kukigusa. Miaka kumi na moja nimepigia kwaya, na karibu kila wimbo niliokuwa nao mkononi ulikuwa wa kumshangilia Mungu au kumfariji mtu mwingine.

Baada ya arobaini nilifungua Preludi namba 4 ya mtunzi Chopin, kipande kifupi cha piano, ile ya E maina, ngazi ya sauti ambayo wengi huisikia kama ya huzuni. Ni vipimo 25 tu, yaani vile visehemu vya mapigo vinavyotengwa kwa mistari kwenye noti. Ilichapwa mwaka 1839, na kilichonivuta ni kujua kwamba alipofariki mwaka 1849 ilipigwa kwa ogani kwenye ibada ya mazishi yake kule Paris.

Kwa mnaosoma solfa: mwanzoni mkono wa kulia unasema mi, fa, mi, fa, na karibu hausemi kingine. Ile nusu toni, hatua ndogo kabisa kati ya vibao viwili jirani, ndiyo kwikwi. Chini yake mkono wa kushoto unarudia kodi zilezile, yaani sauti kadhaa zinazogongwa pamoja, kisha sauti moja ndani yake inateremka nusu toni, halafu nyingine. Mara nyingi hazishuki pamoja. Ni kama ndugu wanaoaga msibani mmoja mmoja, mpaka unabaki na mikeka.

Mimi huo mkono wa kushoto niliudharau. Nilikandamiza wa kulia, nikavuta mwendo kila mahali, pedali, kile kikanyagio kinachoiacha sauti iendelee kulia, nikaikanyaga mwanzo hadi mwisho. Shangazi, aliyekuja kukaa nami, akasema kutoka jikoni, "Mwanangu, mbona unatulazimisha?"

Basi wiki mbili nikaacha kabisa mkono wa kulia, na ndicho ninachokushauri nawe. Piga kodi peke yake, zote nane za kila kipimo kwa uzito mmoja, kwa upole kuliko unavyodhani inatosha. Inua pedali kila sauti inaposhuka, la sivyo kodi ya zamani inabaki ndani ya mpya na mteremko wote unageuka mkorogo. Sauti kubwa itunze. Wimbo huu una kilio kimoja tu, ukishapita nusu yake. Ukilia tangu mwanzo, pale utafika huna kitu.

Karibu na mwisho kuna kimya, halafu kodi tatu za kumalizia, za chini kabisa. Wengi tunakikimbia kimya hicho. Vuta pumzi, itoe yote, ndipo ugonge.

Kuhusu kifaa, nasema kwa mkazo: kinanda ambacho kibao kinatoa sauti ya nguvu ileile, ukikigusa kwa upole au kwa nguvu, hakiwezi kazi hii. Kijaribu dukani kabla hujalipa. Pedali inunuliwe pamoja nacho.

Kama Chopin anakutisha, anza na Gymnopédie ya kwanza, kipande cha piano cha mtunzi Erik Satie, cha mwaka 1888. Yeye mwenyewe aliandika juu yake ipigwe polepole na kwa uchungu, ingawa iko kwenye D meja, ngazi ambayo wengi huisikia kama ya furaha. Kwa hiyo usidhani huzuni inakaa kwenye maina peke yake. Sisi wa huku tungepaswa kulijua hilo kabla ya wengine. Babu alikuwa na ilimba, ala ya kasha yenye vijiti vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, na jioni aliizungusha sentensi moja fupi ya muziki mpaka giza liingie, ile mivumo midogo ikitetema ndani ya kasha. Hakuna aliyeuliza ni maina au meja. Watu walinyamaza tu.

Kinanda changu nakifunika kwa kanga ya Mama, maana vumbi la kwetu linaua vibao. Shangazi bado anakuja. Jioni nikiifikia ile sehemu ya kimya, mikono yake inayochambua mlenda nayo husimama.