Kabla hujaanzisha lebo ya muziki, sikiliza mkono wa kulia wa Frank Gambale

Wanafunzi wangu wa gita wakimtaja Frank Gambale, mpiga gita wa jazz fusion (jazz iliyochanganywa na rock), wengi wanachotaka ni kasi tu. Mimi huwarudisha kwenye hesabu ya noti za kila waya.

Gambale alizaliwa Canberra, Australia, mwaka 1958. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 akaenda Hollywood kusoma chuo cha gita cha GIT (Guitar Institute of Technology), akabaki hapo akifundisha, kisha akachukuliwa na mpiga piano Chick Corea kwenye bendi yake, Elektric Band. Hakuwa wa kwanza kufagia nyuzi kwa piki, yaani kupitisha piki kwenye waya kadhaa kwa mkupuo mmoja, ila ndiye aliyeifanya mbinu hiyo iwe mfumo kamili.

Jaribu hivi. Piga noti tatu kwenye waya mmoja: piki inashuka, inapanda, inashuka. Sasa tayari inaelekea waya wa chini yake, basi iache iendelee kushuka badala ya kuirudisha juu. Ukitaka kugeuza, piga noti mbili kwenye waya wa mwisho. Fanya polepole, sauti safi bila distosheni, na kila kidole cha kushoto kiachie waya mara noti inapoisha. Ukichelewa kuachia, noti zinagandana na kulia pamoja kama kodi ya gita (chord), na hapo ndipo wengi wanapokwama.

Ujuzi huo Gambale aliuuza pia kwa vitabu na video za mafunzo. Wapo wanamuziki wanaoona kufundisha ni kushuka hadhi. Sikubaliani nao, kwangu ada za wanafunzi ndizo zinazolipia studio.

Baadaye akawa na lebo yake, Wombat Records, iliyotoa albamu kama Natural High ya 2006. Kwa muziki wa jazz fusion naona mantiki yake. Lebo ya mtu mwingine ikigharamia studio, kwa kawaida hujilipa kwanza kutoka kwenye mgawo wako, na mara nyingi masta, yaani rekodi asili, hubaki kwao. Wasikilizaji wetu ni wachache lakini hawachoki kununua, hata albamu ya zamani.

Umiliki una karatasi zake, na zinachosha kweli. Kabla mpiga ngoma hajakaa kwenye kiti, mimi huandika nani katunga, nani analipwa ya siku na kuondoka, na nani ana asilimia, kisha wote tunasaini. Haki ya utunzi na haki ya rekodi huziandika mbalimbali. Kila rekodi ipate namba yake ya ISRC, yaani namba ya kimataifa ya kuitambulisha, kabla haijatoka.

Kama kazi hiyo huiwezi, lebo iache kwanza. Toa wimbo mmoja kupitia msambazaji wa mtandaoni anayekuachia masta, uendelee na mazoezi.