Mume Mkimya Si Mume Asiyekupenda

Juzi dada mmoja kaniandikia ujumbe mrefu, usiku wa manane. Ana ndoa changa. Mumewe ni mwalimu wa sekondari, halewi, hampigi, hela ya matumizi anaacha. "Lakini dada, haongei. Akirudi anasalimia, anakula, anashika simu. Nikimwuliza ana nini, anasema hana kitu. Mama ananiambia nirudi nyumbani kabla sijazaa."

Dada yangu, mume wa hivyo ninaye, na simbadilishi na mtu.

Mimi nimekulia Korogwe, kwenye nyumba iliyojaa shangazi na binamu, ambako mtu akinyamaza anaulizwa kama anaumwa. Mwenzangu katoka nyumba ambayo baba akiingia, watoto wote kimya. Hakuna aliyetuambia hayo kabla ya ndoa. Kwenye kitchen party nilifundwa kupika, kupokea wageni, kumwandalia mume maji ya kuoga. Namna ya kuishi na mtu asiyefanana nawe, hakuna aliyegusia.

Baba yangu alipofariki ndipo nilipomjua mume wangu. Hakunibembeleza, hakutoa hotuba. Shangazi mmoja akasema mbele ya watu, "Huyu mkwe hana hata neno la pole." Maneno yale yananiuma mpaka leo. Maana turubai aliyetafuta ni nani? Viti, maji, basi la kuleta ndugu kutoka Dar es Salaam? Alilala nje na wanaume wenzake hadi tukamaliza msiba, na ya madeni aliyoingia kwa msiba ule nimekuja kuyasikia baadaye sana, tena kwa mtu mwingine. Wale waliokuwa na maneno mazuri siku ile, wengi hawakurudi kutuona.

Tangu hapo nimeacha kupima mapenzi kwa wingi wa maneno, na ndoa yangu imetulia. Nasema hivi kwa kujivuna kabisa.

Wengi mmepita semina za wanandoa mkapewa karatasi ya zile haiba nne: sangwini (mchangamfu), koleriki (mkali), melankoli (mwenye mawazo mengi) na flegmatiki (mtulivu). Ni mambo ya kale, yanatokana na Wagiriki wa enzi za matabibu Hippocrates na Galen walioamini tabia inatokana na majimaji ya mwilini. Sayansi ya leo imeshaachana na hayo majimaji. Karatasi inasaidia kuanzisha mazungumzo, basi. Tatizo ni pale watu wanapoigeuza fimbo: "Wewe koleriki, ndiyo maana huna huruma." Mumeo si karatasi. Mtazame yeye.

Mtafiti wa ndoa wa Marekani, John Gottman, aliyefuatilia wanandoa kwa miaka mingi, anasema karibu asilimia 69 ya migogoro ya wanandoa ni ile isiyoisha, kwa sababu mizizi yake ni tofauti za haiba na mahitaji ya kila mmoja. Hata ndoa zenye furaha zinayo. Kwa hiyo unayesubiri mwenzako abadilike ndipo ufurahi, utazeeka unasubiri.

Jifunze saa zake. Mkimya usimdake mlangoni na maswali, mwache apumue. Wengine huongea mnapofanya kazi pamoja au mnapotembea, si mkikaa mnatazamana. Na akianza kusema, usimmalizie sentensi.

Na ninyi akina kaka mnaojificha nyuma ya "ndivyo nilivyo", nawaambia kwa upendo: mkeo hasomi mawazo. Sema "leo nimechoka, tuongee kesho", kisha kesho uongee kweli. Kumwacha mwanamke akikisia mwaka mzima ni kumtesa.

Lakini tusichanganye mambo. Kipigo si haiba. Matusi si haiba. Kumnyima mtu chakula na kumtenga na ndugu zake si haiba. Aliye katika hayo atafute usalama kwanza, tofauti za tabia hazimhusu.

Kuhusu kurudi kwenu: hata Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haina haraka ya mama yako. Ndoa ikiwa haijafika miaka miwili, huwezi kuomba talaka mahakamani bila kibali cha mahakama yenyewe, na kwa kawaida lazima mgogoro upite kwanza Baraza la Usuluhishi la Ndoa. Sasa ukifika barazani utawaambia nini wazee? Kwamba mume anakula na kunyamaza? Mweleze mama kwa heshima kwamba umemsikia, na unaomba akuachie ndoa yako kwanza.

Jumamosi mwombe mwalimu wako akusindikize sokoni, simu zibaki nyumbani. Usimwulize ana nini. Mwulize mwanafunzi gani anamsumbua darasani, kisha nyamaza wewe mpaka amalize, hata akichukua njia nzima. Akikujibu kwa neno moja, Jumamosi inayofuata nendeni tena.