Bendera nyeupe ya Saeed: mbona kwa Kiswahili haichekeshi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Natafsiri kutoka Kiarabu sehemu za ile riwaya ya mwandishi Mpalestina Emile Habibi ya 1974, inayosimuliwa na Saeed. Nina mambo mawili. Neno al-mutasha'il lililoko kwenye jina la kitabu nalifanyaje? Alafu niliwasomea wenzangu kipande cha bendera nyeupe, hakuna aliyecheka, wakaishia kuniuliza huyu jamaa ni mjinga au? Nimekutumia kipande chenyewe, niambie nimekosea wapi.

JIBU: Marahaba. Nianze na la pili manake ndo kubwa. Nimekisoma, Kiarabu umekielewa vizuri tu, tatizo ni kwamba umemsaidia Saeed. Kumbuka kisa kilivyo: ni vita vya 1967 kati ya Israel na nchi za Kiarabu, redio ya Israel inawatangazia kwa Kiarabu Waarabu walioshindwa wapandishe bendera nyeupe juu ya nyumba zao, tangazo ni la watu wa maeneo yaliyotekwa siku hizohizo, ila Saeed yuko Haifa, mji ulio ndani ya Israel tangu 1948, naye akachukua shuka la kitandani akalifunga kwenye mpini wa fagio akalipandisha juu ya paa, ili mradi asije akaonekana hakutii, na hapo ndo akajiponza, kwa sababu mtu akisalimu amri Haifa maana yake anasema Haifa nayo imetekwa. Akatupwa jela kwa kutii kupita kiasi.

Sasa wewe umeandika "kwa ujinga wake akapandisha bendera", na mstari wa pili umechomeka "cha kushangaza". Hayo hayamo kwenye Kiarabu, toa yote. Saeed anajieleza kwa barua, kwa unyoofu kabisa, kama mtu anayetoa maelezo polisi na anataka aaminiwe, hajui kama anachekesha, kwa hiyo ukishamwambia msomaji huyu mjinga unakuwa umemnyang'anya kicheko kabla hakijamfika.

Na wala si mjinga! Wapalestina waliobaki ndani ya Israel walikaa chini ya utawala wa kijeshi mpaka 1966, hata kutoka kijijini kwako kwenda sehemu nyingine ulihitaji kibali, na mtu akiishi hivo miaka karibu ishirini anazoea kukisia mkubwa anataka nini kabla hajatamka. Ile bendera ni mazoea hayo. Habibi aliyajua kwa ndani, alikuwa mwandishi wa habari na mbunge hukohuko, na alipofariki 1996 kaburi lake likaandikwa kama alivyousia: nimebaki Haifa.

Kitu kingine cha kiufundi, tangazo la redio liandike kwa Kiswahili cha serikali kabisa, "mnatakiwa", "mara moja", alafu Saeed aongee Kiswahili cha nyumbani. Kwako wote wawili wanaongea sawa, ndo maana kipande kimelala. Ghassan Kanafani, Mpalestina mwingine, kwenye riwaya yake fupi ya 1963 anafanya hivohivo kwa uchungu zaidi: maofisa wa mpaka wa Kuwait wanamtania dereva kuhusu mcheza ngoma wa Basra, utani wa ofisini tu, na nje kwenye tangi la maji la lori lake watu watatu aliowaficha ili awavushe mpaka wanakufa kwa joto. Mwandishi hasemi neno juu ya ule utani. Anauacha uendelee.

Haya, neno. Al-mutasha'il ni mutasha'im, yule anayetarajia mabaya, likaunganishwa na mutafa'il, anayetarajia mema, ambalo mzizi wake sisi tunao, ndo ile fali ya kusema fali njema. Usiweke "mwenye matumaini na asiye na matumaini", hayo ni maelezo, na Habibi katunga neno moja, kwa hiyo na wewe tunga. Mi ningejaribu Mkatamaini: ndani mna kukata tamaa, mna tumaini, na kwa bahati mna kukata maini, na maneno ya kitabu hiki kwa kweli yanakata maini.

Lipime kwenye kile kipande ambacho Saeed anaeleza tabia ya ukoo wao. Kaka yake kafia kazini bandarini Haifa, mama yao anasema afadhali imekuwa hivi, haikuwa vingine. Mjane anamjia juu, vingine vipi vibaya kuliko hivi? Mama anamjibu kwa utulivu: ungetoroka na mwanamume mwingine yeye yu hai. Ukishakitafsiri wasomee wenzako walewale, usitabasamu, usieleze kitu, alafu nitumie tena pamoja na kile cha bendera.