Jibu: SSD ya NVMe kutoweka kwenye Linux

Mkuu, usikimbilie kununua diski nyingine. Umesema SSD yako ya NVMe (diski ya kasi isiyo na sehemu zinazozunguka) inatoweka laptopu ikikaa kimya dakika chache, na ukizima na kuwasha inarudi. Hiyo ina harufu ya APST, yaani mfumo wa diski kujipunguzia umeme yenyewe: tangu keneli (kiini cha Linux) 4.11 ya mwaka 2017, Linux huiruhusu diski ya NVMe ijilaze yenyewe kuokoa betri. Fimwea (programu iliyomo ndani ya diski) ya baadhi ya diski hudai inaweza kulala usingizi mzito, kumbe ikilala haiamki.

Fungua faili la mipangilio ya kuwasha Linux, /etc/default/grub, kwenye mstari wa GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT ongeza, ndani ya alama za nukuu:

nvme_core.default_ps_max_latency_us=0

Kisha andika amri sudo update-grub, uwashe upya. Betri itaisha haraka kidogo, maana 0 huzima APST. Ikitulia, jaribu 5500 (kikomo cha kuchelewa, kwa mikrosekunde) badala ya 0. Kwa diski nyingi hiyo huzuia ule usingizi mzito tu.

Draiva ya NVMe ya Linux (programu inayoendesha diski) yenyewe ina orodha ya diski korofi, hutazama modeli na toleo la fimwea kisha inakwepa kasoro. Yako huenda haimo. Cheki pia kama kuna fimwea mpya kwa amri fwupdmgr get-updates, lakini bakapu (nakala ya data zako) kwanza, tafadhali. Mimi niliwahi kupuuza, nikalia.