Njáls saga: usiiache kabla ya lile kofi

Mkuu, umesema Njáls saga, ile hadithi ndefu ya kale ya Iceland, imekushinda, majina kibao halafu mwandishi haelezi mtu anawaza nini. Mimi nimeisoma nikairudia, na hilo la pili ndo utamu wenyewe.

Rudi sura ya 1. Hallgerður bado mtoto anacheza sakafuni, baba yake anamwuliza nduguye Hrútur binti unamwonaje, Hrútur anasema mzuri sana huyu, ila sijui macho ya mwizi yameingiaje kwenye ukoo wetu. Haongezi kitu. Sasa nenda sura ya 48, Hallgerður keshaolewa na shujaa Gunnar, kuna njaa, jirani mmoja Otkell kagoma kuwauzia chakula, basi Hallgerður anamtuma mtumwa akaibe siagi na jibini kwa Otkell na ghala lake alichome. Gunnar yupo na wageni, anaona jibini mezani, anauliza limetoka wapi, mke anamwambia we kula tu, ya jikoni sio kazi ya wanaume. Gunnar anamzaba kofi. Hallgerður anasema hili nitalikumbuka na nikiweza nitalilipa. Jibini linaondolewa, inaletwa nyama, maisha yanaendelea.

Zinapita karibu sura 30 za kesi na mauaji, halafu Gunnar anazingirwa na maadui nyumbani kwake Hlíðarendi, kamba ya upinde inakatwa, anamwomba mkewe vishungi viwili vya nywele zake asokote kamba nyingine. Mke anauliza, kuna kitu kinategemea hilo? Anajibiwa, uhai wangu. Mke anasema, basi nakukumbusha lile kofi. Gunnar anasema hatamwomba tena, anapigana mpaka wanamuua. Hakuna chozi wala maelezo kama mwanamke alijuta, na kumbuka waume wawili wa kwanza nao walimpiga na wote waliuawa, kwahiyo we msomaji ndo unabaki nalo kichwani unalipima, mimi mpaka leo siwezi kumwita shetani tu.

Na hii imeandikwa kama mwaka 1280 na mtu ambaye jina lake halijulikani, akisimulia mambo ya karibu mwaka 1000! Kwangu huyo ni fundi haswa.

Kuhusu majina, shika kwanza Gunnar, rafiki yake Njáll ambaye saga imebeba jina lake, na wake zao Hallgerður na Bergþóra. Wengine usihangaike nao sana, mtu kazi yake ikiisha mara nyingi mwandishi mwenyewe anakutangazia kwamba huyu ametoka kwenye saga.