Choo cha mtoto kimegeuka kijani

SWALI: Daktari, mwanangu wa kwanza ana wiki tano na ananyonya maziwa yangu tu. Choo chake kilikuwa cha manjano chenye chembechembe kama ufuta, lakini tangu Jumatatu kimekuwa cha kijani. Mama mkwe anasema ni mchango na ameshachemsha mizizi. Mtoto ananyonya vizuri wala halii kupita kawaida. Nimpe hiyo dawa?
Mama, Morogoro

JIBU: Usimpe. Mweleze mama mkwe kwa upole kwamba mtoto wa umri huo haonjeshwi kitu zaidi ya maziwa ya mama, isipokuwa dawa aliyoandikiwa hospitalini. Nyongo hutoka kwenye ini ikiwa na ukijani, kisha hugeuka manjano na kahawia kadiri inavyosafiri utumbuni. Maziwa yakipita upesi, choo hutoka kabla rangi haijageuka. Maadamu mtoto ananyonya, anakojoa mara kwa mara na anaongezeka uzito, kijani peke yake si ugonjwa. Akianza kuharisha maji, kupata homa au kukataa ziwa, mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo, lakini hapo tatizo si rangi.

Choo cheusi kinachonata kama lami ni cha siku mbili tatu za mwanzo tu. Kikirudi cheusi baadaye, au kikiwa na damu, mtoto apimwe, hata kama pengine damu hiyo aliimeza kutoka kwenye chuchu ya mama iliyopasuka.

Rangi ninayoiogopa mimi ni ile isiyomshtua mtu: choo kilichopauka, cheupe kama ugali wa sembe au kijivu kama majivu. Maana yake nyongo haifiki utumbuni, na huenda mirija yake imeziba. Mtoto mwenye tatizo hilo huweza kuonekana mnene na mchangamfu kwa wiki kadhaa huku ini likiharibika, na upasuaji wake, uliobuniwa na daktari Morio Kasai wa Japani katika miaka ya 1950, hufanikiwa zaidi ukifanywa kabla mtoto hajatimiza siku 60. Ndiyo maana Japani, tangu mwaka 2012, kadi ya rangi za choo imo ndani ya kitabu cha kliniki cha mama na mtoto. Huku kwetu macho ya mtoto yakibaki manjano baada ya wiki mbili, wengi humwotesha jua la asubuhi na kusubiri, ilhali jua halizibui mrija.

Kwa hiyo fungua nepi mchana, karibu na dirisha, si kwa mwanga wa simu. Tazama na mkojo pia, kwani mkojo wa kichanga hautakiwi kuacha doa la manjano iliyokolea kwenye nepi nyeupe. Ukiona doa hilo, au choo kilichopauka, usiifue nepi. Ifunge kwenye mfuko, uende nayo hospitali pamoja na mtoto, uombe apimwe bilirubini, yaani rangi ya manjano ya nyongo, kwenye damu.